Ufa wa Tungod

Felisa Agbayani alikuwa amezunguka na lori la Idara kwa miaka kumi na mmoja. Alikwisha kunyeshewa, alikwisha kulala juu ya madawati, alikwisha kuhutubia watoto mia nne kwa sauti iliyokauka. Ila kufungiwa mlimani kulikuwa hakujamfika. Kulimfika Jumanne moja ya mwezi wa kumi, pale Hagabon, katika milima ya Ifugao. Mvua ya tufani ilikuwa na siku ya tatu haijapumzika. Saa nne asubuhi barabara ya chini waliyopandia ilikatika. Mchana, dereva Isko alipojaribu kutokea ya juu, aliikuta nayo imelala bondeni, miti na mawe juu yake. Alirudi amelowa chapachapa.

"Dada Felisa, tumekwisha," akasema. "Mbele hakuna, nyuma hakuna."

"Kwa siku ngapi?"

"Hilo muulize mlima. Mimi naendesha lori tu."

Lori lenyewe lilikuwa limeandikwa ubavuni kwa rangi ya samawati: SAYANSI NI RAFIKI YETU. Idara ilikuwa ya serikali kuu, na kazi yake ni kuhimiza sayansi na teknolojia nchi nzima, hata kule ambako umeme hufika kwa kubahatisha. Felisa alisomea kemia. Alipoajiriwa aliambiwa atakaa na lori kwa muda, mpaka nafasi ipatikane mjini. Muda ule ukawa ndio maisha. Hotuba yake iliandikwa na ofisi, kurasa kumi na tatu, na alikuwa ameisema mara nyingi mno hata aliweza kuisema huku akiwaza mboga za kupika.

Jumatano, kwa kuwa hakukuwa na pa kwenda, mwalimu mkuu alimwomba awafanyie watoto onyesho jingine. Felisa akatoa sanduku la mchanga. Ndani yake mlima mdogo, chini ya mlima vijumba sita vya mbao. Anamwaga maji kwa kopo lenye matundu, polepole, anaeleza jinsi udongo unavyokunywa maji mpaka ukalewa. Kisha mlima unaporomoka, vijumba vinafukiwa, na watoto wanashangilia. Walishangilia Hagabon kama walivyoshangilia kwingine kote.

Nyuma kabisa, juu ya benchi la watoto wa darasa la kwanza, alikuwa ameketi mzee mmoja, magoti yakimfika kidevuni. Alikuwa anatafuna tambuu. Hakucheka wala hakupiga makofi. Watu walipotawanyika akamfuata Felisa pale alipokuwa akichota mchanga kuurudisha mahali pake.

"Madamu, mimi Pugong, wa kule juu Tungod. Nina neno."

"Sema, Apo," akasema Felisa, kwa jina la heshima wanaloitwa wazee wa kule.

"Kabla vijumba havijafukiwa, mchanga ulipasuka. Juu, karibu na kilele. Mstari mwembamba kama unywele. Watoto walikuwa wanatazama nyumba, hawakuuona."

Felisa akaacha kuchota. Katika miaka kumi na mmoja hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. "Ni kweli, Apo. Hupasuka kwanza."

"Basi twende ukaone kitu," akasema mzee.

Tungod ilikuwa kitongoji cha nyumba kumi na moja, mwendo wa nusu saa kutoka shuleni, chini ya mteremko mkali uliopandwa misonobari. Mzee Pugong alikuwa na miaka sabini na miwili, lakini alipanda kuta za matuta ya mpunga kama mbuzi. Felisa alifuata akihema, matope yakimvua viatu. Walipopita mashamba wakaingia kwenye misonobari, mzee akasimama na kuonyesha kwa kidevu.

Ufa ulikuwa umekata mlima kwa mapana, hatua sitini na zaidi. Mahali pengine mkono uliingia, mahali pengine hata bega. Mizizi ilikuwa imenyooka katikati yake kama kamba zinazovutwa na watu wawili. Felisa akatazama chini, akaona moshi wa jikoni ukitoka katika paa za Tungod, akaona kuku, akaona nguo za mtoto zimeanikwa chini ya upenu.

"Uliuona lini?"

"Jumapili. Nilidhani ni nguruwe mwitu kachimba. Leo nimeona kwenye sanduku lako, nikajua si nguruwe."

Simu ilishika mtandao mahali pamoja tu, chini ya mlingoti wa bendera wa shule, tena uelekee kusini. Felisa akampigia mkurugenzi wake wa mkoa, Bwana Villaroman. Hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akasema atawapigia wataalamu wa miamba. Baada ya saa moja akapiga yeye.

"Hawawezi kufika. Barabara hakuna, helikopta hairuki katika mawingu haya. Wamesema msubiri."

"Niwaambie watu wahame?"

"Felisa, sikiliza. Wewe ni mwonyeshaji. Tangazo la hatari lina wenyewe. Ukisema utaanguka usianguke, mwaka kesho tukipeleka wataalamu wa kweli, nani atawaamini? Watu watacheka."

"Na ukianguka?"

Mvua ilikuwa inampiga Felisa kisogoni.

"Sema hujui," akasema mkurugenzi mwishowe. "Ndiyo kweli yenyewe, si ndiyo? Hujui."

Ndiyo ilikuwa kweli, na hiyo ndiyo ilimbana. Alikuwa anajua kiasi cha kukosa usingizi, hajui kiasi cha kusema neno.

Alfajiri ya Alhamisi akafanya lile aliloliweza. Alimchukua Isko na mzee Pugong, wakapigilia vigingi, kimoja juu ya ufa, kingine chini yake, jozi tatu kwa jumla. Akampa mzee tepu ya kupimia, akamwonyesha namna ya kuishika bila kulegea, namna ya kusoma na namna ya kuandika.

"Mara tatu kwa siku, Apo. Alfajiri, adhuhuri, jioni. Saa zilezile. Usiruke hata mara moja. Namba iliyorukwa hairudi."

"Hairudi," mzee akarudia, kama mtu anayepokea amana.

Kwenye jozi ya katikati namba ya kwanza ilikuwa sentimita ishirini na moja. Jioni ishirini na tatu. Ijumaa adhuhuri ishirini na sita. Mzee alizileta mwenyewe mpaka shuleni akaziandika kwa chaki kwenye ubao wa darasa la tatu, namba kubwa za kukwaruza, na kila mara alirudi nyuma hatua mbili kuzitazama. Mkewe, Aginaya, alimsindikiza mara moja akasimama mlangoni.

"Miaka hamsini nimemwambia aandike jina lake vizuri kakataa," akawaambia waliokuwepo. "Leo kaja mwanamke na lori, bwana kawa karani."

Watu wakacheka, na mzee naye akacheka, meno yake mekundu.

Ijumaa jioni mwenyekiti wa kijiji, Binwag, aliitisha mkutano darasani. Wa Tungod wakaja na watoto mgongoni. Mavuno yalikuwa ndiyo kwanza yameingia ghalani, na hilo ndilo lililokuwa moyoni mwa kila mtu.

"Tukihama, nani atalinda mpunga?" akauliza kijana mmoja aitwaye Lumayna. "Panya? Au Madamu wa sanduku?"

"Nguruwe wangu ana mimba," akasema mwanamke mwingine. "Nimbebe mgongoni?"

"Mbebe! Mumeo si ulimbeba alipolewa?" sauti ikatoka nyuma, kicheko kikapita.

Mwenyekiti akainua mkono. "Tusicheze. Madamu yupo hapa. Yeye ndiye serikali iliyotufikia." Akamgeukia Felisa. "Tuambie tu, mlima utakuja au hauji?"

Macho yote yakamkalia. Felisa alifungua kinywa na kurasa zake zote kumi na tatu zikamkimbia. Alifikiria neno la mkurugenzi: sema hujui. Akalisema.

"Sijui."

Minong'ono ikaanza. Lumayna akasimama kana kwamba kesi imekwisha.

"Sijui," Felisa akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi. "Mimi si mtaalamu wa milima. Nimekatazwa kuwaambia hameni, na siwaambii hameni. Lakini ningekuwa na mtoto Tungod, leo asingelala kule. Ningempakata hapa, hata kama mpunga wote utaliwa."

Kisha Aginaya akainuka, akajifunga shuka kiunoni. "Mimi nakwenda kuleta vyungu vyangu," akasema. "Nani ananisaidia?"

Kabla giza halijaingia watu hamsini na wawili walikuwa wamehamia shuleni.

Jumamosi mvua ikakata. Ufa ulikuwa ishirini na saba. Jumapili ishirini na saba vilevile, na jua likatoka kali, matuta yakameta. Mkurugenzi alipata habari, sijui kwa nani, akapiga simu. Hakufoka. Alisema tu kwamba amesikitika, na kwamba barua itamfikia. Felisa aliirudisha simu mfukoni akabaki chini ya mlingoti. Mbele yake barabara haikuwepo, nyuma yake haikuwepo, na ndani ya darasa lile walikuwapo watu hamsini na wawili waliohama kwa neno lake, wakibanana mabega kwa mabega, watoto wakikohoa.

Jumatatu kejeli zikaanza kupata meno.

"Madamu, leo mlima umekwambiaje?" Lumayna aliuliza, kabeba kikapu cha viazi vitamu alichokwenda kukichukua nyumbani. "Mimi umenisalimia. Umesema umechoka kusubiri."

Familia mbili zilikuwa zimeshinda Tungod mchana kutwa wakilisha nguruwe wao. Felisa hakuwa na la kuwazuia. Alikaa kwenye ngazi ya lori, na alijikuta anauombea mlima uanguke. Alipogundua anachoomba alishtuka, akaingia ndani ya lori akafunga mlango.

Mtu mmoja tu hakubadilika. Mzee Pugong alipanda asubuhi, alipanda adhuhuri, alipanda jioni. Kila mara aliandika ishirini na saba, na kila mara alirudi nyuma hatua mbili.

"Huchoki, Apo?" Felisa akamuuliza jioni ile.

"Nichoke nini? Mpunga nimepanda tangu mtoto, sijawahi kujua unakua kiasi gani kwa usiku mmoja. Ufa huu nayajua mambo yake kila siku." Akatema mate mekundu pembeni. "Kitu kikubwa kama kile, Madamu, na mimi ndiye ninayejua kinafanya nini."

Jumanne Felisa aliamshwa na sauti ya mvua juu ya bati la shule. Kulikuwa kunapambazuka. Ilikuwa mvua nene, ya kumwagwa. Akaketi. Akatazama pembeni ambako Aginaya na mumewe walikuwa wakilala. Aginaya alikuwa anachochea moto chini ya chungu.

"Apo yuko wapi?"

"Kaenda kwenye vijiti vyake," mwanamke akajibu bila kugeuka. "Nimemwambia ngoja kidogo. Kasema, namba iliyorukwa hairudi."

Felisa alitoka mbio bila viatu. Alikuwa amemfundisha mzee kila kitu: kushika tepu, kusoma, kuandika, kutoruka saa. Jambo moja hakumfundisha, nalo ni lini asiende. Alifika kwenye tuta la kwanza, akaita, akafika la pili, akaita. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo. Kwanza misonobari ilisogea, yote kwa pamoja, imesimama wima, kama watu wanaoshuka ngazi. Kisha ikaja sauti, na sauti ile aliisikia kwa miguu kabla ya masikio. Isko, aliyekuwa amemfuata, alimkamata kiunoni akamvuta nyuma, wakaanguka wote wawili matopeni.

Ilipotulia, kati ya nyumba kumi na moja za Tungod zilikuwa zimebaki mbili.

Ndani ya zile tisa hakukuwa na mtu hata mmoja. Lumayna alihesabu watu darasani mara tatu, na kila mara alipata hamsini na mmoja. Walichimba siku hiyo na ya pili, kwa majembe na kwa mikono. Alhamisi walimpata mzee ukingoni mwa shamba la chini, tepu imemzunguka kiganjani. Lumayna ndiye aliyembeba. Hakukubali kupokewa.

Siku ya maombolezo ilikuwa na baridi, na Aginaya alikuja kwenye lori kuomba chochote cha kuwafunika watoto. Isko akaanza kuhamisha makasha ili afikie mablanketi. Likashushwa kasha moja refu, jeusi.

"Hiki nini?" Aginaya akauliza.

"Darubini, mama," Isko akajibu. "Ya kutazamia mwezi. Huwa tunaitoa kwa shule za sekondari tu, ndivyo ratiba inavyosema."

"Inaona mbali?"

"Mbali sana. Mtu akisimama kigongo kile ng'ambo, unamwona mpaka vifungo vya shati."

Aginaya akatazama kigongo cha ng'ambo. Akatazama upande wa pili, pale mlima ulipobaki na jeraha jekundu. Alifanya hivyo polepole, kutoka huku kwenda kule, na Felisa, aliyekuwa amesimama na mablanketi mikononi, aliona hasa jambo linavyoingia kichwani mwa yule mama, kwa sababu lilikuwa linaingia kichwani mwake mwenyewe wakati uleule.

"Kumbe angeweza kuvisoma vijiti akiwa kule," Aginaya akasema. "Ameketi. Anatafuna tambuu yake."

Hakusema kwa ukali. Alichukua mablanketi, akashukuru, akaenda zake. Felisa alikaa chini kwenye matope kando ya gurudumu. Darubini ilikuwamo ndani ya lori siku zote. Alikuwa ameketi hatua tatu kutoka nayo.

Jumamosi jeshi lilifungua barabara ya chini kwa katapila. Mkurugenzi Villaroman alikuja na gari la kwanza, pamoja na mpiga picha. Alimkumbatia Felisa mbele za watu, macho yake yamelengwa na machozi ya kweli. Ile barua hakuitaja.

"Watu hamsini na mmoja, Felisa! Makao makuu wanataka jambo hili liingie kwenye hotuba. Ukurasa wa kumi na nne. Utalisema wewe mwenyewe, kila shule."

"Kuna aliyekufa, bwana."

"Najua. Pole sana. Tutaona namna ya kuliweka."

Felisa hakubishana. Alimwambia kwamba kipande cha mlima kilichobaki kinaning'inia juu ya nyumba nyingine, za kitongoji cha jirani, na wataalamu wamesema watafika baada ya wiki mbili. Alikuwa tayari amefunga ubao wenye mistari ya rangi nyekundu na nyeupe katika kigingi kipya, ili usomwe kutoka ng'ambo. Alitaka darubini ibaki.

"Haiwezekani. Ni mali ya serikali."

"Basi nami nabaki nayo."

Mkurugenzi akamvuta pembeni. "Andika imepotelea kwenye maporomoko. Nitatia saini, yaishe."

"Sitaandika hivyo. Andika nimeiacha."

Mpiga picha akajifanya anafuta kamera. Mkurugenzi alikuwa mtu wa karatasi, na mwishowe ni karatasi iliyomtoa. Alikumbuka ipo fomu ya kuazimisha kifaa kwa jamii, miezi mitatu, inaweza kurudiwa, kwa sharti kwamba ofisa mwazimishaji aje mwenyewe kila baada ya miezi mitatu kukikagua na kupata saini ya mwazimaji. Ofisa aliandikwa Felisa Agbayani. Mwazimaji, hakuna aliyejitokeza ila mmoja.

"Mimi nitasoma," Aginaya alisema. "Najua saa zake."

Miezi mitatu ilipita. Felisa aliisema hotuba katika shule kumi na tisa, na ukurasa wa kumi na nne aliusoma jinsi ulivyoandikwa, kwa sababu kila alipojaribu kuongeza jina la mzee sauti ilimkatika mbele ya watoto. Mwezi wa kwanza akapanda Hagabon na fomu yake ndani ya mfuko wa nailoni.

Aginaya alikuwa amejengewa kibanda kwenye kigongo cha ng'ambo. Darubini ilisimama chini ya paa dogo la nyasi, imefunikwa kitambaa safi. Alimkaribisha mgeni kama anavyokaribishwa mgeni, akamwekea viazi vitamu na kipande cha nyama kavu, akakaa mkabala wake akitazama anavyokula. Kisha akaleta daftari. Kurasa zote zilikuwa zimejaa, alfajiri, adhuhuri, jioni, hakuna pengo hata moja.

"Mlima umesogea vidole viwili tangu Krismasi," akasema. "Wale wa chini wamehama wenyewe. Lumayna kawabebea mizigo."

"Umefanya kazi kubwa, mama."

"Ndiyo."

Njia nzima Felisa alikuwa amepanga maneno ya kuomba msamaha. Aliyapanga kwa Kiilokano, lugha ya nyumbani kwao, akayapanga upya kwa maneno mepesi. Sasa alikuwa ameketi nayo kinywani pamoja na kiazi, na hayakutoka. Aginaya hakumsaidia wala hakumzuia. Alipaka dole gumba wino, akalibonyeza kwenye fomu mahali alipoonyeshwa, akalifuta kwa jani.

"Mwezi wa nne utakuja tena?" akauliza.

"Nitakuja."

"Na wa saba?"

"Na wa saba."

Aginaya akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa adhuhuri. Akainuka, akaondoa kitambaa, akainamia darubini kusoma namba, na Felisa akabaki ameketi, akimngoja amalize.